Ukuta Ulio Chini ya Karatasi

Anza na kona ya chini, nyuma ya mlango, mahali ambapo jicho la mgeni halifiki. Ingiza ukucha chini ya ukingo wa karatasi, vuta polepole huku mkono ukiambaa ukuta, halafu acha, utazame kilichotokea. Kipande cha ukubwa wa kiganja kinatosha kukueleza kazi inayokungoja: karatasi ni ya aina gani, gundi yake ni ipi, na chini yake pana simenti, chokaa, skimu au ubao wa jipsamu. Wengi huiruka hatua hii. Hununua skrepa pana, hupanda ngazi, huanza kukwangua katikati ya ukuta wa sebule, na jua linapozama ukuta umechanika na kutoboka, huku nusu ya karatasi bado imeshika. Kisha fundi anaitwa kupiga skimu upya, kwa fedha nyingi kuliko zile zilizonunua karatasi.

Hoja yangu katika sura hii ni moja: kinachotoa karatasi ukutani ni kile kinacholegeza gundi, yaani maji, joto au muda. Kazi ya mkono ni kufuata. Anayetumia nguvu anashindana na ukuta wake mwenyewe, na ukuta ndio utakaobaki nyumbani baada ya karatasi kwenda jalalani.

Katika nyumba zetu za mijini, Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, karatasi utakayokutana nayo mara nyingi si karatasi hata kidogo. Ni plastiki ya PVC yenye gundi tayari mgongoni, ile inayouzwa kwa marola ya upana wa sentimita 45 na urefu wa mita 10, yenye michoro ya matofali, marumaru, mbao au maua. Mpangaji huipenda kwa sababu haihitaji fundi wala ndoo ya gundi. Unapima, unakata, unachambua ule mgongo wa karatasi laini, unabandika, na chumba kimebadilika kabla ya chakula cha mchana. Sina neno baya juu ya hamu hiyo. Mtu anayelipa kodi ya chumba ana haki ya kupenda anachokiona akiamka. Lakini muuzaji hakumwambia mnunuzi jinsi gundi ile inavyofanya kazi, na siku ya kuhama ndipo somo linapokuja.

Gundi hii haikauki. Gundi ya unga hushika kwa sababu maji yake yametoka. Hii hushika kwa sababu imebaki laini, na inaendelea kujipenyeza katika vitundu vya rangi miezi na miaka baada ya kubandikwa. Ndiyo maana plastiki iliyobandikwa juzi hutoka bila taabu, na iliyokaa miaka mitano hutoka na rangi ikiwa imeng'ang'ania mgongoni. Maji hayaisaidii kitu: plastiki haiyapitishi, na yakipita kwenye mpasuko, gundi haiyeyuki ndani yake. Nimeona watu wakimwagia ukuta ndoo baada ya ndoo, wakaishia kulowesha skimu huku plastiki ikiwatazama.

Dawa yake ni joto na mwendo. Chukua kile kikaushio cha nywele kilichopo chumbani, kielekeze kwenye kona kwa nusu dakika hivi, mpaka plastiki iwe ya moto mkononi lakini bado unaweza kuishika. Usizidishe. PVC huanza kulainika sana ikikaribia nyuzi joto 80, na ikifika hapo hunyumbuka na kukatika vipande vipande badala ya kutoka kwa mkanda mmoja. Joto likishaingia, ikunje kona irudi juu yake yenyewe, na vuta ukiambaa ukuta, usivute kuja kifuani kwako. Ukivuta kuja kifuani, nguvu yote inaing'oa skimu. Ukivuta sambamba na ukuta, nguvu inakwenda kwenye gundi.

Na vuta polepole. Hili ndilo jambo ambalo mafundi wengi hawalijui, nami naliona kuwa muhimu kuliko vifaa vyote: gundi ya namna hii hushika zaidi kadiri unavyovuta kwa kasi. Ukiipa muda, inatiririka kidogo na kuachia. Ukiishtua, inakazana kama kitu kigumu, na hapo kinachoachia ni rangi au plasta iliyo dhaifu kuliko yenyewe. Mwendo wa sentimita chache kwa kila pumzi unatosha. Ukuta mmoja wa chumba cha kulala unaweza kukuchukua asubuhi nzima, na asubuhi hiyo ni rahisi kuliko wiki ya kuziba mashimo.

Vile vigae vya sponji vinavyoigiza matofali vina ugumu wao. Gundi yao ni nene na sponji hukatika, ikaacha madoa ya povu ukutani. Mshipi wa kuvulia samaki unafanya kazi nzuri hapo. Ufunge ncha zake kwenye vijiti viwili, uupitishe nyuma ya kigae, uushushe ukikata kama msumeno. Povu linalobaki linapashwa moto na kusuguliwa kwa vidole.

Gundi ikibaki ukutani baada ya plastiki kutoka, utashauriwa upake mafuta ya kupikia. Kwenye kioo au mlango wa friji shauri hilo ni jema. Kwenye ukuta unaotaka kuupaka rangi halifai, kwa kuwa mafuta huingia ndani ya plasta na rangi mpya ikakataa kushika pale pale. Tumia kitambaa chenye tapentaini kidogo, madirisha yakiwa wazi na jiko likiwa limezimwa, kisha osha kwa maji ya sabuni na uache pakauke.

Karatasi halisi, iliyobandikwa kwa gundi ya ndoo, ni habari nyingine kabisa. Hiyo utaikuta katika hoteli za zamani, katika ofisi, na kwa wasomaji wetu walioko Uingereza, Ujerumani au Marekani utaikuta katika nyumba ya kwanza watakayopanga au kununua. Gundi yake huwa ya wanga wa ngano au viazi, au ya unga unaotengenezwa kutokana na nyuzi za mimea na kuitwa methili selulosi. Zote mbili zilianza maisha zikiwa zimechanganywa na maji, na maji yakizirudia zitalegea tena. Swali ni jinsi ya kuyafikisha.

Kila mtu atakuambia maji ya moto. Ni kweli kwa wanga, unaovimba na kulainika kwa joto. Methili selulosi ina tabia ya kinyume: huyeyuka katika maji baridi na huganda ikipashwa moto. Kwa kuwa hujui aliyebandika miaka ishirini iliyopita alitumia ipi, maji ya uvuguvugu yenye matone ya sabuni ya kuoshea vyombo ndiyo njia ya katikati inayofaa. Sabuni haiyeyushi gundi. Inayafanya maji yatambae na kupenya badala ya kutiririka hadi sakafuni. Kule Ulaya na Marekani huuzwa pia dawa yenye vimeng'enya vinavyouvunja wanga, vya jamii ile ile iliyomo katika mate yetu na inayofanya mkate uwe mtamu ukiutafuna kwa muda mrefu. Inasaidia kweli juu ya gundi ya wanga. Juu ya plastiki za kujibandika ni fedha iliyotupwa.

Lowesha kuanzia juu kushuka chini, kwa sponji au chupa ya kupulizia, eneo ambalo utalimaliza kabla halijakauka. Subiri dakika kumi na tano au ishirini. Lowesha tena. Kusubiri huku ndiko kazi yenyewe, na ndiko kunakoudhi, maana mtu amesimama na skrepa mkononi na hafanyi lolote. Subiri hata hivyo. Karatasi iliyoiva hubadilika rangi ikawa nzito, na ukiigusa kwa kidole huteleza juu ya ukuta. Hapo skrepa inaingia ikiwa imelala karibu kabisa na ukuta, na mikanda mirefu inashuka yenyewe. Ikiwa unalazimika kusukuma, haijaiva. Rudi kwenye sponji.

Kabla maji hayajagusa ukuta, zima umeme wa chumba kwenye swichi kuu, na funika soketi kwa nailoni na utepe. Sitalirudia, ila naomba lisisahaulike.

Karatasi yenye uso wa plastiki hukataa maji kwa nje, lakini mara nyingi uso huo huchambuka ukiwa mkavu na kuacha mgongo wa karatasi ukutani. Huo mgongo ndio wa kulowesha. Zile za kisasa zilizotengenezwa kwa mchanganyiko wa nyuzi za mimea na za plastiki zimekusudiwa kutoka zikiwa kavu, ukanda mzima kutoka darini hadi sakafuni. Ukikutana nazo, mshukuru aliyezichagua.

Ngumu kuliko zote ni zile zilizopakwa rangi juu. Ujerumani kuna karatasi yenye chembe za mbao ndani yake, iliyobuniwa na Hugo Erfurt mwaka 1864, ambayo mpaka leo imetanda katika vyumba vingi vya kupanga. Ilitengenezwa ili ipakwe rangi tena na tena, na kila mpangaji akaongeza tabaka lake. Kila tabaka ni ukuta mwingine dhidi ya maji. Hapo unahitaji kijigurudumu chenye meno kinachotoboa rangi bila kukata plasta, kisha mashine ya mvuke, ile yenye tangi la maji na kibao cha plastiki unachokiegemeza ukutani. Mvuke hupita katika vitundu, hupoa ndani, hugeuka maji, na gundi hulegea kutokea nyuma. Shikilia kibao kwa sekunde chache tu kila mahali. Katika nyumba za zamani za Uingereza, ambako plasta ya chokaa imeshikizwa juu ya fito nyembamba za mbao, mvuke ukikaa sana huweza kuangusha kipande kizima cha plasta. Vaa pia mikono mirefu, kwa kuwa maji yanayotiririka kutoka kwenye kibao ni ya moto sana na hufuata mkono ulioinuliwa hadi kwenye kwapa.

Katika nyumba hizo za zamani mara nyingi hutakuta tabaka moja. Watu wa kale walibandika mpya juu ya ya zamani, wakaacha kazi ya kubandua kwa wajukuu. Kwa hiyo anayebandua leo anarudi nyuma katika umri wa nyumba, na wakati mwingine hukutana na kitu chenye thamani. Mwaka 1911, katika chuo cha Christ's huko Cambridge, vilipatikana kwenye boriti za dari vipande vya karatasi yenye mchoro mweusi wa komamanga, iliyochapwa mgongoni mwa karatasi zilizokuwa tayari zimetumika, mojawapo ikiwa tangazo la enzi ya kutawazwa kwa Mfalme Henry VIII. Wataalamu huitaja kuwa ya mwaka 1509 hivi, miongoni mwa karatasi kongwe kabisa za ukutani zilizosalia Uingereza. Aliyezibandua alikuwa na subira, la sivyo tusingekuwa nazo. Kwa hiyo ukifika tabaka la chini kabisa la nyumba ya zamani, kata kipande kizima, kikaushe kati ya magazeti, ukiweke.

Isipokuwa kama ni ya kijani. Hapo simama kwanza.

Mwaka 1775 mkemia Carl Wilhelm Scheele, aliyefanya kazi Sweden, alitengeneza rangi ya kijani kutokana na shaba na aseniki. Mwaka 1814, katika mji wa Schweinfurt huko Ujerumani, ikaanza kutengenezwa nyingine iliyong'aa na kudumu zaidi, nayo pia ikiwa ya shaba na aseniki. Watu wa Ulaya ya mvua na moshi waliipenda kijani hiyo mno. Ikaingia katika nguo, maua ya bandia, vitu vya kuchezea watoto, na zaidi ya yote katika karatasi za ukutani, hasa baada ya mashine za kuchapa kwa marola kushusha bei na baada ya Uingereza kuifuta mwaka 1836 kodi ya karatasi hizo iliyowekwa mwaka 1712. Vyumba ambavyo zamani vilipakwa chokaa tu sasa vilivaa majani na maua. Na sumu.

William Morris, mbunifu ambaye michoro yake ya majani na ndege bado inauzwa duniani kote, aliitumia rangi hiyo. Mchoro wake wa kwanza wa karatasi ya ukutani, Trellis, aliubuni mwaka 1862, na mwaka 2003 mwanasayansi Andrew Meharg alieleza katika jarida la Nature kwamba sampuli yake aliyoipima ilikuwa na aseniki. Jambo linaloniumiza katika kisa hiki ni kwamba utajiri wa familia ya Morris ulitoka kwa sehemu kubwa katika hisa za Devon Great Consols, mgodi wa shaba uliokuja kuwa mmoja wa wazalishaji wakubwa wa aseniki duniani, na Morris mwenyewe aliwahi kukaa katika bodi yake. Mtu aliyeandika na kuhubiri kwa moyo wake wote kuhusu uzuri wa kazi ya mikono na heshima ya mfanyakazi aliyapuuza malalamiko ya watu walioamini kuwa kuta zao zinawafanya waugue.

Sumu iliingia mwilini kwa njia gani? Vumbi lilikuwa njia moja, kwa kuwa rangi ile ilipukutika ikipanguswa. Kulikuwa na dhana ya pili, ambayo wakazi wa pwani wataielewa upesi. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Bartolomeo Gosio wa Italia alionyesha kwamba ukungu unaoota juu ya gundi na karatasi yenye rangi hizo katika chumba chenye unyevu hutoa gesi yenye harufu kama ya kitunguu saumu. Ilipofika mwaka 1932 Frederick Challenger wa Leeds aliitambua gesi hiyo kuwa trimethilasini. Watafiti wa baadaye wametilia shaka kama gesi peke yake iliweza kuua. Hata kwa Napoleon, aliyefariki mwaka 1821 kisiwani St Helena katika nyumba yenye unyevu, ambako karatasi ya ukutani ilikuja kupimwa na kukutwa na aseniki, wanahistoria wengi wanaona kuwa saratani ya tumbo ndiyo maelezo yenye nguvu. Lakini hakuna anayebisha kwamba vumbi la rangi ile ni sumu hadi leo.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyenunua nyumba ya karne ya 19 huko Leicester au Boston, ukifika kwenye kijani ya zamani, usipige msasa, usikwangue pakavu. Ifunike, tuma kipande maabara, na kama jibu ni aseniki waite wenye vifaa vya kuiondoa. Tahadhari hiyo hiyo ishike kwa rangi za mafuta za zamani zilizo chini ya karatasi, kwa sababu nyingi zilikuwa na risasi. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na nyumba iliyojengwa kabla ya hapo ihesabiwe kuwa nazo mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Vumbi la risasi hudhuru ubongo wa mtoto anayetambaa zaidi ya linavyomdhuru baba yake mwenye skrepa.

Turudi nyumbani, kwenye ukungu. Katika miji ya pwani nadhani nusu ya karatasi zinazobanduliwa hazibanduliwi kwa sababu mwenye nyumba amezichoka. Zimejibandua. Zimevimba kama malengelenge, zimetoka kwenye kona, na nyuma yake ukuta ni mweusi na unanuka. Hapo karatasi ni shahidi tu. Tatizo ni maji yaliyomo ukutani, na anayebandua na kubandika nyingine siku hiyo hiyo amelifungia tatizo ndani.

Ukuta wa Mji Mkongwe wa Zanzibar au wa Lamu ni mfano ulio wazi kabisa. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, una unene wa nusu mita au zaidi, na hauna kizuizi cha maji katika msingi. Maji ya ardhini hupanda ndani yake kidogo kidogo, yakibeba chumvi, na mvua ya masika huongeza yake kutoka juu. Waliojenga nyumba hizi walilijua hilo. Hawakuuzuia unyevu; waliuachia njia. Chokaa iliyopakwa ndani na nje hupitisha mvuke, ukuta unakunywa wakati wa mvua na kutema wakati wa jua na upepo wa kaskazi. Mzunguko huo umezifikisha nyumba hizi kwetu, na kwa sababu hiyo UNESCO iliweza kuuweka Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya ule wa Zanzibar.

Bandika PVC juu ya ukuta huo, nao hauwezi kutema tena. Unyevu unakusanyika nyuma ya plastiki, chumvi inaganda ndani ya plasta na kuivunja kuwa unga, ukungu unaota mahali ambapo upepo haufiki. Siku utakapobandua, plasta itatoka kama mchanga hata ukivuta kwa upole wote niliouelezea. Simenti na rangi ya plastiki hufanya uharibifu ule ule kwa mwendo wa polepole. Nalisema hili kwa uzito: katika nyumba ya matumbawe na chokaa usibandike chochote kisichopitisha mvuke, hata kwa sebule ya harusi, hata kwa chumba cha wageni wa msimu. Kinachofaa baada ya kubandua ni kukwangua plasta iliyokufa, kupangusa chumvi kwa brashi kavu bila maji, kuacha ukuta upumue kwa wiki kadhaa za kiangazi, kisha kurudishia plasta ya chokaa na kupaka chokaa.

Kwa ukuta wa tofali na simenti, kipimo cha unyevu ni rahisi. Kata kipande cha nailoni safi chenye ukubwa wa gazeti, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne pasiwe na mwanya, ukiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa chumba, hewa ya chumba ndiyo yenye unyevu. Fungua madirisha, toa nguo zinazoanikwa ndani. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ndani: bomba linavuja, paa linapitisha, au udongo wa nje umepanda juu ya msingi. Tafuta chanzo kwanza. Rangi iliyopakwa juu ya ukuta unaolia itachubuka masika ijayo.

Ukungu wenyewe uuoshe ukiwa umevaa barakoa na glavu, kwa sabuni na maji, kisha kwa dawa ya kuua fangasi. Wengi hutumia jiki, na wengi pia hutumia siki kulegeza gundi. Msizitumie pamoja, wala moja baada ya nyingine kabla ukuta haujasuuzwa. Siki na jiki zikikutana hutoa gesi ya klorini, na katika chumba cha kulala chenye dirisha moja gesi hiyo inaweza kumlaza mtu hospitalini.

Ubao wa jipsamu una onyo lake. Uso wake ni karatasi, na kama fundi hakupaka praima kabla ya kubandika, karatasi ya urembo na karatasi ya ubao zimekuwa kitu kimoja. Kile kipande ulichojaribu nyuma ya mlango kitakuwa kimekuonyesha hilo: ukiona nyuzi za kahawia zinatoka pamoja na plastiki, acha. Katika hali hiyo, na hiyo pekee, nakubali kubandika juu au kupaka juu baada ya kulainisha maungio, au kubadilisha ubao wenyewe, ambao mara nyingine ni nafuu kuliko siku nne za kuuokoa.

Ukuta ukishakuwa mtupu, mwonekano wake unadanganya. Gundi ya wanga ikikauka haionekani, lakini rangi mpya ikipakwa juu yake hupasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Osha kwa maji safi na sponji, ukibadilisha maji mara kwa mara, mpaka kiganja kilicholowa kikipitishwa kisihisi utelezi. Kama una shaka, tone la iodini kutoka duka la dawa litageuka kuwa buluu nyeusi penye wanga. Acha pakauke kabisa, ziba mashimo, piga msasa laini, paka praima ndipo rangi.

Limebaki lile rundo sakafuni. Karatasi ya kawaida haina shida. PVC usiichome. Najua katika mitaa mingi taka huishia kwenye moto nyuma ya nyumba jioni, na marola haya huwaka vizuri. Moshi wake una gesi ya haidrojeni kloridi, inayogeuka asidi ikikutana na unyevu wa macho na koo, na moto hafifu wa uani ndio unaofaa kabisa kutengeneza dioksini, ambazo hukaa mwilini kwa miaka na huingia katika maziwa ya mama. Yakunje, yafunge kwa kamba, uyapeleke na gari la taka. Kama gari halifiki mtaani kwenu, yaweke makavu mahali penye kivuli mpaka lipatikane, na waambie vijana wa nyumbani wazi kabisa kwamba fungu lile haliguswi na kiberiti.